Mzee mayai matatu, mjukuu sitini na tatu: protini za mnyoo wa kichocho na chanjo isiyofika

Mpimaji_wa_Mwalo · Jumapili, saa 2:14 usiku

Wanajamvi, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, asije kulalamika huko chini.

Mimi ni mtu wa maabara katika kituo kimoja cha afya kando ya Ziwa Albert, upande wetu wa Uganda. Hapa mwaloni Mgungu, Mnyoro, Mwaluri na Mkongo wanauziana muziri, samaki wadogo wa taa, kwa Kiswahili, kwa hiyo msinione nimejifanya Mswahili. Ndiyo lugha ninayomwelezea mgonjwa kila siku.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mvuvi na mjukuu wake wa miaka 11, wote wanalalamikia tumbo. Nikawapima choo kwa njia yetu ya siku zote: unakikamua choo kwenye wavu, unakijaza kwenye tundu la kipande cha plastiki linalobeba miligramu 41.7, unafunika na karatasi ya nailoni iliyolowekwa dawa ya kijani, unakandamiza na kioo. Ukisubiri kidogo, uchafu unang'aa na yai linabaki linaonekana. Yai la kichocho cha tumbo halihitaji utambulisho: refu, rangi ya chai ya rangi, na mwiba mmoja ubavuni kama kucha ya paka. Unahesabu, unazidisha kwa 24, unapata mayai kwa gramu moja.

Mtoto: mayai 63, yaani 1,512 kwa gramu. Yakivuka 400 tunaandika "mazito". Mzee: mayai matatu.

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, mimi niliingia ziwa hili kabla baba yake huyu hajazaliwa. Mbona mdudu ananiogopa mimi, anamla huyu?" Nikampa jibu la haraka, kwamba mtoto anashinda majini na yeye yuko juu ya mtumbwi. Akacheka. Ana haki ya kucheka, anayevuta kokoro anajua maji yanamfika wapi.

Jibu lenye maana nililisoma baadaye. Kijiji cha Piida, karibu na Butiaba, hapa hapa Ziwa Albert, watafiti wa wizara yetu na wenzao wa Cambridge walitibu watu, kisha wakangoja kuona nani anaambukizwa tena. Watu wazima walijaa minyoo polepole kuliko watoto, hata baada ya kuhesabu nani anaingia majini kiasi gani. Damu yao ilikuwa na kitu: kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini za mnyoo, hasa moja inayoitwa SmTAL1.

Hapa ndipo penye utamu. Protini hiyo mnyoo mzima anayo tele, ila ameifungia ndani. Akiwa hai, kinga yako haiioni. Akifa anapasuka, inamwagika kwenye damu. Na mdudu huyu hafi ovyo: anaishi miaka mitano, kumi, na wapo waliokutwa hai ndani ya watu waliohama sehemu za kichocho zaidi ya miaka 30 nyuma. Kwa hiyo mwili wa mtoto haujaona maiti za kutosha. Mwili wa mzee umeshahudhuria matanga mengi.

Tunapogawa prazikwanteli, kidonge cha kichocho, tunaua minyoo wengi siku moja, na wiki chache baadaye IgE hiyo hupanda. Yaani kidonge, bila kukusudia, kinafanya kazi kidogo ya chanjo.

Sasa swali langu. Kama mwili unaweza kufundishika, mbona hadi leo hakuna chanjo hata moja ya mnyoo iliyoidhinishwa kwa binadamu? Karibuni.

---

Nahodha_wa_Muziri · saa 2:51 usiku

Kaka Mpimaji, asante. Mimi sikatai elimu, lakini nina neno.

Mpango wa vidonge ulipozinduliwa kule Pakwach mwaka 2003 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Ulipotufikia tulipangwa mstari, tukasimamishwa kwenye ule mti wenye alama, ukiwa mrefu unapewa vidonge vingi. Vichungu hivyo! Usiku ule tumbo lilinikata nikamwita mama kama mtoto mchanga. Tangu hapo nimemeza mara ngapi sijui, na kila ukipima unanikuta nacho.

Sasa mnataka kuleta sindano. Kwanza leteni vyoo. Mwalo wetu ni mchanga mtupu, ukichimba futi nne unakuta maji na shimo linabomoka. Na mimi usiku niko katikati ya ziwa na taa zangu, haja ikinibana niende wapi, Hoima mjini?

---

Mpimaji_wa_Mwalo · saa 3:05 usiku

Nahodha, kuhusu choo sina ubishi na wewe, hata cha kituo chetu kilibomoka mvua za mwaka jana.

Ila nikueleze kwa nini unameza na bado nakukuta nacho. Kidonge kinaua minyoo waliokomaa. Walioingia wiki mbili tatu zilizopita, wadogo, kinawapita. Na hakilindi kesho yako. Umemeza asubuhi, jioni umesukuma mtumbwi, sekaria, yaani watoto wa mnyoo wanaoogelea majini, wanatoboa ngozi yako kwa dakika chache na safari inaanza upya: mapafuni, kwenye ini, kisha mishipa ya damu ya utumbo, dume amemkumbatia jike mfano wa ala na kisu.

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 3:40 usiku

Shikamooni wakubwa. Nasoma Makerere, mambo ya viumbe, na kichocho ndicho kinachoninyima usingizi mwaka huu.

Mpimaji, umeeleza vizuri ila ukomee hapo kwenye SmTAL1. Msomaji asije kudhani basi tuichukue hiyo tuitie kwenye sindano. Hiyo hasa ndiyo ya kuogopwa, na waliotuonyesha ni watu wa mnyoo mwingine.

Kuna chanjo ya safura iliyotokana na protini inayoitwa Na-ASP-2. Marekani, kwa watu ambao hawajawahi kuumwa safura, ilipita salama. Wakaipeleka Brazil, kijijini, kwa watu ambao miguu yao imekanyaga udongo wenye safura maisha yote. Sindano ya kwanza tu, baadhi yao wakatoka vipele vya kuwasha mwili mzima papo hapo. Jaribio likasimamishwa. Damu yao ilipochunguzwa, IgE dhidi ya protini ile ilikuwepo tayari. Mwili ulikuwa unamngoja mnyoo, ukakutana na sindano.

Kwa hiyo kile kinachomlinda yule mzee ndicho kinachoweza kumwangusha akichomwa protini isiyofaa. IgE ni mlinzi mwenye panga, usimbishie hodi usiku.

Kuna jambo lingine zuri hapo. Mnyoo ana ndugu wa protini hiyo, SmTAL2. Hiyo iko mpaka kwenye mayai, na mayai yanamwagika mwilini kila siku. Kwa sababu mwili unaiona kila siku, umeizoea: unatengeneza zaidi kingamwili ya IgG4, inayotuliza, IgE inakuwa chache. Protini mbili za ukoo mmoja, moja imefichwa, moja imeanikwa, na mwili unazipokea tofauti kabisa.

Siku hizi, kabla protini haijapelekwa kwa watu wa ziwani, damu yao inapimwa kwanza kama wana IgE dhidi yake. Somo la Brazil.

---

Afande_Mstaafu_Bombo · saa 4:10 usiku

Salaam. Mimi ni mzee wa jeshi, Kiswahili nilikipata kambini kabla hakijawa cha mitihani shuleni. Zamani tukipiga kambi karibu na maji, sajenti wetu alikataza kuoga saa sita mchana. Tulidhani ni ukali tu. Kumbe?

Na pili, binti. Askari adui akiingia kambini kwangu anakaa miaka kumi bila kukamatwa, mimi namfunga mlinzi wa lango kwanza. Huyu mnyoo anapitaje kwenye damu, penye askari wote wa mwili?

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 4:33 usiku

Afande shikamoo. Sajenti wako alikuwa sahihi. Sekaria wa kichocho cha tumbo hutoka kwa konokono kwa wingi jua likiwa juu, kuelekea saa sita saba.

Kuhusu mlinzi wa lango, usimfunge, amedanganywa. Mnyoo huyu anavaa nguo zetu. Tangu mwaka 1969 inajulikana kwamba anajipaka vitu vya damu ya mwenyeji wake juu ya ngozi. Mlinzi akimwangalia anaona sare ya jeshi letu. Na ngozi yenyewe anaibadilisha muda wote, kingamwili zikimng'ang'ania anavua tabaka la juu, anaziacha zimeshika koti tupu.

Ndiyo sababu chanjo nyingi zinalenga protini za hapo kwenye ngozi. Niwatajie zilizofika kwa binadamu. Herufi za mbele ni jina la mnyoo: Sm ni Schistosoma mansoni, wetu wa tumbo; Sh ni haematobium, yule wa mkojo wa damu.

Sm-TSP-2 iko juu kabisa ya ngozi. Maabara wakimzuia mnyoo asiitengeneze, ngozi yake inakonda na kujaa matundu. Na iliteuliwa kwa namna inayofanana na hadithi ya mzee wetu: watu fulani wa Brazil ambao walikuwa wanaingia majini lakini hawashiki ugonjwa walikuwa na kingamwili za IgG dhidi yake, wagonjwa wa kudumu hawakuwa nazo. Hiyo ndiyo iliyoletwa kujaribiwa Uganda, pale Entebbe kwenye kituo cha MRC/UVRI, kwa watu wazima wenye afya.

Sm14 ni ya Wabrazili wa Fiocruz, taasisi yao ya utafiti. Mnyoo hawezi kujitengenezea mafuta, anachukua yetu, na Sm14 ndiyo mchukuzi. Imejaribiwa mpaka Senegal. Sm-p80 ni ya Texas, inahusika na ule ukarabati wa ngozi. Kwa nyani ilipunguza minyoo jike kwa zaidi ya asilimia 90, ikaja kujaribiwa kwa watu Marekani, kisha Burkina Faso na Madagaska.

Na iliyokwenda mbali kuliko zote ni Sh28GST, ya Wafaransa wa Lille. Ilifika awamu ya tatu, watoto 250 wa shule huko Senegal. Matokeo yalitoka 2018: haikuwaletea madhara, lakini waliochanjwa hawakuchelewa kuugua tena kuliko wasiochanjwa. Niliposoma karatasi ile nilifunga kompyuta nikaenda kununua rolex, chapati yetu ya mayai.

---

Afande_Mstaafu_Bombo · saa 4:41 usiku

Nimesoma mahali kwamba chanjo hizi zinatiwa "kichocheo". Miwani yangu ikasoma "kichocho". Nikasema hawa watu wamerukwa na akili!

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 4:44 usiku

😂😂 Afande umeniua. Kichocheo ni kile cha kuamsha kinga, kwa mfano chumvi ya alumini. Protini moja peke yake mwili unaipuuza, lazima kuwe na mpiga kelele pembeni.

---

Mganga_wa_Mbuzi · Jumatatu, saa 1:20 asubuhi

Mmekesha. Mimi ni wa mifugo, Teso huku. Nawasikia mnasema hakuna chanjo ya mnyoo. Ya binadamu, ndiyo. Wanyama wanazo.

Kondoo ana mnyoo wa tumboni mnyonya damu, Haemonchus contortus, mwekundu mwenye mistari mieupe iliyojisokota. Ukimfungua mwanakondoo aliyekufa naye unakuta tumbo linatambaa, na mnyama mwenyewe ufizi mweupe kama chokaa. Australia wana chanjo yake tangu 2014, inaitwa Barbervax. Na haikulenga ngozi ya mnyoo, ililenga utumbo wa mnyoo! Kondoo anatengeneza kingamwili, mnyoo anakunywa damu, anazinywa na kingamwili, zinamharibu tumbo lake mwenyewe. Mwizi kalishwa sumu ndani ya alichoiba.

Lakini msishangilie. Kwa sababu utumbo wa mnyoo kinga ya kondoo haiuoni siku zote, maambukizi ya kawaida hayaikumbushi. Lazima urudie sindano kila wiki kadhaa msimu wote. Kwa kondoo sawa, kwa mtoto wa mwaloni nani atamfuata mara zote hizo? Na lingine: protini hizo bado zinavunwa kutoka kwa minyoo wenyewe, waliofugwa ndani ya kondoo. Zilipotengenezwa maabara kwa vijidudu, jina lile lile, herufi zile zile, hazikulinda vizuri. Protini si shanga tu kwenye uzi, ni jinsi uzi ulivyokunjwa na sukari zilizobandikwa juu yake. Nadhani watu wa kichocho wanakwama pia hapo.

Nyingine ni ya tegu wa nguruwe, TSOL18. Hiyo imejaribiwa hapa hapa Uganda, pamoja na dawa ya oksifendazoli, matokeo yakatoka 2021, na ilifanya vizuri sana. Kwa nini tegu imewezekana? Kwa sababu wanampiga mlangoni. Yai linapasuka tumboni mwa nguruwe, kiluwiluwi anatoka uchi, hana koti, ana saa chache za kupenya. Kingamwili zinamkuta hapo. Nyinyi mnapigana na mtu aliyekwisha kuvaa sare.

---

Mpimaji_wa_Mwalo · saa 2:02 asubuhi

Mganga, hapo kwenye "uchi" umenifungua kichwa. Kwa hiyo na sisi tumpige sekaria anapoingia ngozini?

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 3:15 asubuhi

Imeshajaribiwa, na ndiyo iliyowapa watu moyo tangu mwanzo. Sekaria waliodhoofishwa kwa mionzi, wakipenyezwa kwenye ngozi ya panya, wanafika mapafuni wanakwama. Panya huyo ukimletea sekaria wazima baadaye, sehemu kubwa wanashindwa kukomaa. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni kutoka kwa kiumbe mzima mwenye maelfu ya protini hadi protini moja. Miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilizipima protini sita zilizokuwa mbele, maabara huru, lengo ni kinga ya asilimia 40 tu kwa panya. Hakuna iliyofikia kila mara.

---

Sista_wa_Panyimur · saa 7:30 mchana

Nasoma kutoka jana, nimekaa kimya kwa sababu nyinyi mnazungumza mnyoo, mimi namjua mgonjwa.

Mwaka juzi, alfajiri, waliletwa watu wawili kwa boda moja, dereva mbele, kijana katikati amefungwa kanga kifuani asianguke, nyuma kaka yake anamshikilia. Kijana wa miaka 34, mvuvi. Wameweka beseni la kuogea mtoto mapajani mwake. Alikuwa anatapika damu, nyeusi yenye mabonge, si ya kukohoa. Tumbo limejaa maji, bandama imeshuka mpaka karibu na kitovu. Hospitali ya rufaa iliombwa gari, tukaambiwa gari lipo, mafuta hayapo. Kaka yake akauza injini ya mtumbwi kwa simu, pale pale mlangoni kwetu, kwa bei ya kutupa, ili kupata gari la kukodi. Alifika, akaokoka mara ile.

Naleta hili kwa sababu mnasema chanjo imeshindwa kama haimalizi minyoo wote. Mimi siwezi kusema hivyo. Mnyoo jike wa kichocho cha tumbo anataga mayai kama 300 kwa siku. Karibu nusu hayatoki, yanasombwa na damu yanakwama kwenye ini, ini linajijengea makovu kuyazunguka, damu inakosa njia, mishipa ya koo la chakula inavimba, siku moja inapasuka. Kilichomtapisha damu kijana yule ni mayai.

Na mnyoo huyu hazaliani ndani ya mtu! Si malaria, ambapo mdudu mmoja anakuwa mamilioni ndani ya wiki chache. Kila mnyoo uliye naye aliingia kwa mguu wake. Kwa hiyo chanjo ikizuia nusu, una nusu ya minyoo kweli kweli. Jozi hamsini zinataga 15,000 kwa siku; zikibaki ishirini na tano ni 7,500. Kwa mtoto anayeanza kuingia majini na miaka mitatu, hiyo ni miaka mingapi ya ini? Mimi hata chanjo inayomfanya jike asitage, akae tu humo ndani na mumewe, naipokea kwa mikono miwili.

---

Mganga_wa_Mbuzi · saa 7:52 mchana

Sista pole. Hesabu yako ndiyo tunayoifanya kwa mifugo. Hatutafuti zizi lisilo na mnyoo, tunatafuta mbuzi anayenenepa.

---

Wa_Dunga_Kisumu · saa 9:10 alasiri

Majirani, hodi. Huku Kisumu tuna vijana wa kuosha magari ziwani, gari linaingizwa majini mpaka tairi linazama, na kijana naye kiunoni. Walifuatiliwa miaka kadhaa na watafiti, makala ikatoka 2002: kila wakiambukizwa wanatibiwa, wanarudi majini, wanaambukizwa, wanatibiwa. Baada ya matibabu kadhaa baadhi yao wakaanza kuchukua muda mrefu kabla ya kuambukizwa tena. Wengine wapi, kila mara ni wale wale. Maji ni hayo hayo, kazi ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo nadharia ya matanga ya kaka Mpimaji naiunga mkono, ila niongeze: kuna wanaohudhuria matanga yote na hawajifunzi kitu.

---

Nahodha_wa_Muziri · saa 12:45 jioni

Nimerudi. Sista, huyo kijana namfahamu wa aina yake, kila mwalo unaye.

Sasa nijibuni kiume. Nimesikia redioni kwamba Entebbe wana mpango wa kumwingiza mtu mzima minyoo makusudi. Mnasema chanjo, kumbe sisi ndio panya?

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 1:20 usiku

Nahodha, swali lako lilishaulizwa mezani. Entebbe kulikuwa na mkutano wa kujadili hilo mwaka 2017 kabla ya lolote kufanyika.

Njia yenyewe ilianzia Leiden, Uholanzi. Konokono mmoja anaambukizwa kwa kiluwiluwi mmoja tu, kwa hiyo sekaria wote watakaotoka kwake ni jinsia moja. Wanachagua madume. Mwaka 2020 walitangaza matokeo ya watu 17 waliojitolea, wakawekewa sekaria dume kwenye ngozi, kumi, ishirini au thelathini. Madume peke yao hakuna mayai, na bila mayai ini halipati makovu. Baadaye wanapewa prazikwanteli. Faida yake: badala ya kuchanja maelfu ya watu na kungoja miaka, unawachanja wachache, unawaambukiza, unajua mapema kama protini yako inafaa.

Sitakuficha: baadhi yao walipata homa, hasa wa thelathini, na wengine dozi moja ya dawa haikutosha.

---

Afande_Mstaafu_Bombo · saa 1:26 usiku

Madume watupu, hakuna uzazi, wanangoja kufukuzwa. Hiyo kambi naijua vizuri.

---

Nahodha_wa_Muziri · saa 1:38 usiku

Afande 😂. Lakini binti, hujanijibu. Mzungu wa Leiden akiumwa homa ana kitanda kinamngoja. Na yeye hana mnyoo mwingine, ukimpa dawa amepona, amemaliza. Mimi ukiniwekea madume ishirini, kesho ziwani natafuta majike mwenyewe.

---

Binti_wa_Wandegeya · saa 1:59 usiku

Hapo umenishika. Na ndiyo hoja iliyozungumzwa zaidi: mshiriki awe mtu asiyeingia ziwani kipindi hicho, na afuatiliwe kwa karibu. Lakini mtu asiyeingia ziwani si wewe. Na damu tunayotaka kuielewa ni yako. Mwili ambao tayari una IgE na IgG4 na minyoo hai na maiti zao, ndio chanjo itakaoukuta kazini. Leiden haiwezi kutuambia utaipokeaje.

---

Mpimaji_wa_Mwalo · saa 2:20 usiku

Mimi ningesema tuanze kwa damu, hata kabla ya sindano. Kila mwaka nawachoma vidole watu mamia, nahesabu, naandika, natupa. Mzee wangu wa mayai matatu hajawahi kuulizwa na mtu damu yake inaona protini zipi. Wale wa Brazil waliulizwa, ikapatikana Sm-TSP-2. Mwalo huu una wazee wangapi wa mayai matatu?

---

Wa_Dunga_Kisumu · saa 2:31 usiku

Na wakiulizwa, chanjo ikapatikana kwa damu yao, bei itakuwa ya nani? Mimi nauliza tu.

---

Sista_wa_Panyimur · saa 2:40 usiku

Swali la Kisumu liwekewe uzi wake, hili litatukesha. Mpimaji, yule mtoto wa mayai 63 mlimpa dawa?

---

Mpimaji_wa_Mwalo · saa 2:44 usiku

Nilimpa sista, alikula posho na samaki kwanza, akameza mbele yangu. Alilala kwenye benchi la nje saa nzima ameshika tumbo, babu yake anampepea kwa kadi ya kliniki. Narudia kipimo chake baada ya wiki sita. Mdogo wake wa miaka minne naye anashinda ufukweni. Vidonge vya wakubwa tunavipondaponda kwenye uji na anavitema. Ile dawa mpya ya watoto wadogo, iliyopata maoni mazuri ya wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa 2023, kwetu haijafika kabatini.

---

Nahodha_wa_Muziri · saa 2:52 usiku

Kaka, na sisi wakubwa vidonge lini? Nina vijana sita kwenye mtumbwi, hawajameza mwaka mzima.

---

Mpimaji_wa_Mwalo · saa 2:55 usiku

Alhamisi, chini ya mwembe karibu na mizani ya samaki, kuanzia saa mbili asubuhi. Waje wameshiba, Nahodha. Na wewe uje na kopo la choo, nataka nikuhesabu kabla hujameza.